Fedha Zinaingia Lini?

Nikialikwa kwenye warsha, mshereheshaji akisoma wasifu wangu huwa naona watu wanatazamana: ofisi ya ruzuku chuoni, kisha mchumi wa halmashauri, kisha mwalimu wa uchumi. "Mama umehangaika," kijana mmoja aliniambia wakati wa chai, akidhani ananipa pole. Kazi zote tatu nimezifanyia ndani ya mkoa wa Dodoma, na kwa kweli naziona ni kazi moja. Unakaa njiani, fedha zinapita zikitoka kwa mwenye nazo kwenda kwa anayezihitaji, wewe unatazama kinachozipata. Na kwa nilivyoona mimi, watu hubishana mno juu ya kiasi. Mengi niliyoyaona yakiharibika, na mengi yaliyonyooka, yaliamuliwa na tarehe.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye chuo kimoja hapa mjini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya uhasibu, mafaili mpaka juu ya kabati, kompyuta moja tukiigombea watatu. Mhadhiri akipata ruzuku ya utafiti, sisi tunafungua faili la mradi, tunaandaa hati za malipo, tunafuatilia masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtafiti kwa safari na shughuli, na kuandika taarifa ya fedha kwa mfadhili kila robo mwaka. Mtu wa nje akisikia neno ruzuku anafikiria hela ya bure. Sijawahi kuona hela yenye masharti kama hiyo. Unataka kununua tairi la gari la mradi kwa kifungu cha semina? Andika barua, usubiri majibu. Mtafiti aliyekwenda Mpwapwa asiporejesha masurufu, awamu ya pili ya mradi mzima inasimama, na wenzake wasiohusika wanakaa kutazamana. Nimemshuhudia profesa mzima amesimama mbele ya meza yangu akipekua mifuko ya koti, akitafuta risiti ya dizeli aliyojaza Kibaigwa wiki kadhaa nyuma. Risiti ilipatikana ndani ya Biblia.

Ukutani tulibandika karatasi ya manila yenye kalenda nne. Ya kwanza ilikuwa ya mfadhili, Januari hadi Desemba. Ya pili ya Serikali, Julai mosi hadi Juni 30. Ya tatu ya chuo, ambayo wanafunzi huingia Oktoba au Novemba. Ya nne hakuna aliyetuagiza tuiweke, nayo ilikuwa ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na hapo katikati, mara nyingi Februari, mvua inaweza kukatika mpaka mahindi yakajikunja majani. Kalenda tatu za kwanza unaweza kuziandikia barua ya kuomba muda. Ya nne haina anuani.

Sasa chukua utafiti wa mbegu za mtama. Mfadhili anaidhinisha Januari. Mkataba unasainiwa Machi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya chuo Aprili, zinapita kwenye vibali vya ndani, mtafiti anashika masurufu Mei. Mei mtama unavunwa. Akisubiri msimu ujao, mvua zinaanza Desemba, na Desemba ndiyo mfadhili anafunga hesabu zake na kuuliza kwa nini kuna bakaa, fedha ambazo hazijatumika, kubwa namna hiyo. Kwa hiyo mtafiti anakwenda kijijini hivyo hivyo. Nilisindikiza msafara mmoja wa namna hiyo, tukashusha mifuko ya mbegu mbele ya mzee aliyekuwa amekaa kwenye kihenge chake kipya akikifunga kamba. Alitusalimia vizuri, "Mbukwenyi," akatukaribisha vigoda, akatazama mbegu, akatazama kihenge. "Hizi ni za kula?" akauliza. Hakuwa anatania.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, na ujanani aliwahi kufanya kazi na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliofadhiliwa na Sweden. Ule ulianza 1973. Kule Kondoa ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Kila tulipobanwa na taarifa za robo mwaka, mzee alikuwa na maigizo yake: "Robo ya kwanza, hakuna nyasi. Robo ya pili, hakuna nyasi. Robo ya tatu, mvua imenyesha, nyasi kidogo." Kisha anavua miwani. Wasweden walikaa na mradi ule zaidi ya miaka 20, na miti na majani yalirudi. Wenye ng'ombe ndio waliobeba gharama, maana walilazimika kupeleka mifugo kwingine, na hilo mzee hakulificha. Lakini kuhusu muda alikuwa na msimamo mmoja: ukiweka fedha kwenye ardhi, uiulize ardhi itajibu lini, usiiambie wewe.

Tulichofanya kilikuwa kidogo na hakikuhitaji semina. Maandiko mapya ya kuomba ruzuku tukaanza kuyajaza kwa kurudi nyuma: shughuli ya shambani Desemba, kwa hiyo ununuzi Oktoba, kwa hiyo fedha ziwe zimefika Septemba, kwa hiyo mkataba Julai. Na ruhusa ya kuvusha bakaa kwenda mwaka unaofuata tukawa tunaiomba mwanzoni, kabla ya kutumia hata senti moja, badala ya kuiomba Desemba kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Mfadhili mmoja alijibu kwa mstari mmoja: hatuna pingamizi. Miaka yote watu walikuwa wakimwogopa, kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Halmashauri nilikwenda kwa uhamisho, cheo mchumi, idara ya mipango. Sitasema ipi. Huko nilikutana na Juni.

Aliyefanya kazi serikalini anaijua Juni. Mpango unaanzia kijijini, unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, unafika baraza la madiwani, mkoani, mwisho Bunge linakaa hapa hapa Dodoma kuanzia Aprili likijadili bajeti. Karatasi zote zinasema mwaka una robo nne. Fedha za maendeleo zenyewe hazijawahi kuisoma hiyo karatasi. Nyingine zinaingia Februari, nyingine Mei, na kuna zile zinazoingia wiki ya mwisho ya Juni, ambapo usipozitumia zinarudi Hazina. Usiku wa tarehe 30 taa zote za ofisi zinawaka. Mama ntilie analeta chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa, wazabuni wamepanga mstari kwenye benchi la nje na mafaili mapajani, wakuu wa idara wanatembea na soksi. Mtandao unakatika saa tatu. Unarudi saa nne na nusu. Mhasibu anabonyeza, chumba kizima kinanyamaza, halafu mtu anapiga kelele, "Imepita!" na watu wanashikana mikono kana kwamba Taifa Stars imefunga bao.

Kilichopita ni nini? Hapo ndipo penye maumivu. Ukipewa siku tatu za kutumia fedha, utanunua kile kinachoweza kununuliwa kwa siku tatu: shajala (karatasi na kalamu za ofisi), matairi, posho za semina. Kisima hakichimbwi kwa siku tatu. Kinataka upimaji wa maji chini ya ardhi, zabuni, mkandarasi, jaribio la pampu. Mtu akisoma ripoti mwaka unaofuata ataona halmashauri imependa karatasi kuliko maji, na wakaguzi watapandisha hoja, na diwani atapiga meza. Wenzangu niliokaa nao wala hawakuwa wezi. Walikuwa watu waliopewa chaguo moja. Dawa tuliyoipata ni ile ile ya chuoni, kufanya kila kisichohitaji fedha kabla fedha hazijaja: michoro, upimaji, hati za zabuni, mpaka kibakie kulipa tu. Haikufaulu kila mara, ila visima viwili vitatu vilivyochimbwa kwa njia hiyo naweza kukupeleka ukanywe maji.

Kuna jambo lingine la halmashauri ambalo vitabu haviligusi sana. Halmashauri ya vijijini nayo ni mkulima. Mapato yake ya ndani kwa sehemu kubwa ni ushuru wa mazao, kwa hiyo inavuna wananchi wanapovuna, na Februari inalia njaa pamoja nao. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akaachiwa kabisa. Wakulima walifurahi, na haki yao. Sisi tuliokuwa tukiandaa makadirio tulikaa kimya kwenye kikao. Haukupita muda mrefu kwenye geti la ushuru wakaanza kupita vijana na pikipiki za matairi matatu, kila moja na magunia tisa. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Hakuna mwalimu wa uchumi angeweza kueleza vizuri zaidi jinsi watu wanavyoisoma sheria. Binafsi niliiunga mkono sheria ile hata ilipotukaba, maana ushuru ule ulikuwa ukimkata mkulima kabla hajajua kama amepata faida.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekewa nguvu ya sheria 2018, ikasitishwa 2023, ikarudi 2024. Wakati wangu, kwa kuwa mapato hayaeleweki mpaka mwaka unaisha, mikopo mingi ilitoka Mei na Juni. Kikundi kimoja cha akina mama kiliandika andiko la kufuga kuku wa kienyeji. Andiko zuri, limepigwa mihuri yote. Mkopo ukatoka Juni. Tulipokwenda kuwakagua mimi na afisa maendeleo ya jamii, hatukuona kuku hata mmoja. Banda lilikuwa limejaa magunia ya alizeti mpaka darini.

"Mama, andiko linasema kuku," afisa akasema, akifungua faili.

Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alikuwa anapeta mtama na hakuacha kupeta. "Ndiyo baba, linasema kuku. Tuliliandika Oktoba. Ninyi mmeleta hela kiangazi. Sasa hivi kideri inayoua kuku iko njiani, na kideri haisomi andiko."

Walikuwa wamefanya hivi: Juni alizeti inavunwa na bei iko chini, wakanunua, wakaifungia. Walitaka kuuza Novemba au Desemba, waone kama watanunua vifaranga vilivyochanjwa. Afisa alitaka kuandika kwamba wamekiuka masharti, na kwa kanuni alikuwa sahihi. Tulibishana ndani ya gari mpaka tunafika barabara kuu. Mimi niliandika kwenye taarifa kwamba kikundi kimebadili shughuli kutokana na tarehe ya kutolewa mkopo, nikasaini. Walirejesha. Vikundi viwili vya jirani vilivyofuata andiko kwa uaminifu vilizika kuku, na nikikumbuka watu waliowasuta viongozi wa vikundi hivyo kwamba ni wazembe, hasira inanipanda mpaka leo.

Nilipoanza kufundisha uchumi nilikuwa na mtaala wa kigeni kidogo, grafu zake zina mistari miwili inayokatana kwa adabu, na hakuna mahali panapoonyesha mwezi. Nikaanza na kile wanafunzi wanachokijua kwa uchungu, bumu. Wakati ule posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikitoka kwa mkupuo wa siku 60, yaani 510,000. (Mwaka 2022 ilipanda kufikia 10,000 kwa siku.) Niliwauliza: ungependa laki tano na kumi leo, au 8,500 kila asubuhi? Darasa lote likataka mkupuo. Nikauliza bumu la mwisho liliisha baada ya wiki ngapi, wakacheka kwa aibu. Kijana mmoja akasema mkupuo unamsaidia kununua godoro na kompyuta ya mtumba, vitu ambavyo 8,500 kwa siku isingevinunua kamwe. Msichana akamjibu kwamba yeye bumu likichelewa analipia wali maharage kwa daftari la mama ntilie, na sahani ya daftari ni ghali kuliko sahani ya taslimu. Wote wawili walikuwa na hoja. Kipindi kizima kikaishia hapo na sikugusa ubao.

Kisha nikawa nawapeleka Kibaigwa, kwenye lile soko la mahindi la wilayani Kongwa lililo kando ya barabara ya Morogoro. Wanakwenda na madaftari, wanaandika bei ya gunia, wanaona kwa macho yao lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba mpaka linashinda mabega ya mpagazi, linahesabiwa gunia moja. Tunarudi tena miezi inayofuata. Kila mwaka sura ni ile ile: bei iko chini Juni na Julai, inapanda kuelekea Januari na Februari. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekulia Dar es Salaam akauliza swali la haki kabisa: "Madam, kama wanajua itapanda, kwa nini wasisubiri?"

Aliyejibu hakuwa mimi. Ni binti wa kutoka huko huko Kongwa, amekaa nyuma ya basi. "Sisi nyumbani mahindi ya Juni tunakuwa tumeshayala Februari," akasema. "Yanayovunwa ni ya watu."

Yaani deni. Februari ghala likiwa tupu mtu anakopa debe moja, anarudisha mawili wakati wa mavuno. Siku hizi mjini kuna mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu, kijijini jina ni jingine na damu ni ile ile. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 iliwekwa kwa ajili ya shida hii: weka mzigo ghalani, chukua stakabadhi, kopa benki kwa dhamana yake, uza bei ikikaa sawa. Imeshika kwenye korosho za kusini kuliko kwenye mahindi yetu. Mahindi mtu anayala pia, na hayuko tayari kuyaona yamefungiwa ghala la mwingine huku watoto wanamtazama.

Zabibu ni kinyume. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mahindi yanaweza kusubiri ila mwenye mahindi hawezi, wakati mwenye zabibu anaweza kuwa na subira ya ajabu na bado zabibu zikamwozea. Kiwanda kikisema mizani imefungwa mpaka Jumatatu, bei imeshaamuliwa Ijumaa. Ndiyo maana nawasifu wakulima waliojiunga wakanunua matangi, wakawa wanakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu. Watu husema wameongeza thamani ya zao. Sawa, lakini walichonunua hasa ni wiki kadhaa za kukataa bei mbaya.

Safari za Kongwa lazima zipitie habari ya karanga. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kongwa ndiko walikoanzia, 1947. Walikuja na fedha kama maji, na matrekta mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita. Udongo ukawasugua majembe mpaka yakaisha, mvua ikawakatalia, na kiangazi kilipofika ardhi ikakauka ngumu kama tofali, karanga zikabaki chini haziwezi kung'olewa. Januari 1951 mpango ukaachwa, makumi ya mamilioni ya pauni yamekwenda. Wanafunzi huwa wanacheka wakifikiria wazungu. Mimi huwauliza ni nani alikwenda kukaa Kongwa misimu kadhaa akipima mvua kabla ya kuagiza matrekta. Haraka yao ilitoka kwenye maduka ya London, na Kongwa haikuwa na habari na maduka ya London.

Ndani ya idara nina mwenzangu asiyekubaliana nami, mtu wa takwimu, tunapenda kukaa naye mgahawani tukibishana. Hoja yake ni fupi: kidogo kikija kwa wakati bado ni kidogo. Anatoa mfano wa maboma ya zahanati ambayo wananchi wameyapandisha kwa nguvu zao mpaka lenta, yanangoja paa miaka. Hapo kalenda haina kosa, hela haipo. Ananikumbusha pia kwamba watu wa jiji hili walikuwa 410,956 kwenye sensa ya 2012 na 765,179 ile ya 2022, baada ya Serikali kutangaza 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, na kwamba hakuna upangaji wa tarehe utakaotosheleza madarasa na mabomba kwa ongezeko hilo bila fungu kuongezwa. Amenishinda kwenye maboma. Kwenye jiji tunaendelea.

Juni iliyopita alinipigia kijana niliyemfundisha, sasa ni mchumi kwenye halmashauri moja huku kanda ya kati. Sauti ilikuwa inatetemeka. "Madam, leo tarehe 28, fedha za kisima zimeingia mchana huu." Nikamuuliza upimaji wa maji ulishafanyika. Tayari. Zabuni? Mkandarasi yupo, amesaini tangu Machi, hata hati ya malipo ya awali imeandaliwa, inangoja namba ya kifungu. Nikamwambia aiwahishe uhasibu kesho kabla ya saa nne asubuhi, maana kuanzia mchana watu wote watakuwa ndani ya mfumo na mtandao utaanza kusumbua.